Feloshipu za wanahabari wa mazingira: sisi wa Kigoma na Tabora tuombe kwa swali, tuache kuomba kwa shida

Kusi_Ujiji

Wakuu, habari za jioni.

Kila msimu wa maombi ukifika napokea ujumbe uleule kutoka kwa vijana wa redio za hapa Kigoma na wenzetu wa Tabora: dada, nimeona tangazo la feloshipu ya mazingira chuo fulani huko nje, nisaidie kuandika barua. Nasaidia na nitaendelea kusaidia. Ila barua nilizosoma zinafanana mno. Zinaanza na umaskini wa mkoa, zinapita kwenye redio isiyo na vifaa na mshahara unaochelewa, zinaishia na "nikipata nafasi hii nitaielimisha jamii umuhimu wa kutunza mazingira". Yote ni kweli. Lakini futa neno Kigoma uandike Lindi, barua inabaki ileile. Hapo ndipo tunapokosea njia.

Feloshipu hizi za vyuo vikuu hazitoi shahada, na wala si fungu la misaada. Chuo kinakutoa kazini kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi tisa hivi, kinakupa posho ya kujikimu, kinakufungulia madarasa, maktaba na ofisi za maprofesa. Hufanyi mitihani. Kitu kimoja tu wanataka kukijua: ukipewa muda wote huo, unataka kuchimba nini? Barua nzima inatakiwa ijibu hapo.

Kwa wasiozijua, hizi ndizo ninazowaambia watu waanze nazo. Knight Science Journalism iko chuo cha MIT, Marekani, tangu 1983. Inachukua waandishi wa sayansi, afya, teknolojia na mazingira kutoka nchi yoyote, na mwandishi wa kujitegemea anaruhusiwa kuomba. Nieman ya Harvard ni ya tangu 1938. Haijafungwa kwenye mazingira peke yake, ila mtu wa mazingira anaingia vizuri, na wanataka uwe umefanya kazi ya habari miaka isiyopungua 5. Chuo Kikuu cha Colorado pale Boulder kina kituo cha uandishi wa mazingira tangu 1992, na feloshipu yao inayoitwa Ted Scripps ilianza 1997. Hiyo ndiyo ya mazingira hasa, huchukua watu 5 kwa mwaka, wengi wao Wamarekani.

Kuna na njia fupi. Oxford, kupitia Reuters Institute, walianzisha mwaka 2022 mtandao wao wa uandishi wa tabianchi. Ni miezi 6, unasoma kwa njia ya mtandao ukiwa kazini kwako, hulipi kitu, na kundi moja linafika watu kama 100 kutoka pembe zote za dunia. Si lazima uwe mwandishi wa mazingira. Hata mhariri wa michezo anaweza kuomba, maana wanataka habari za tabianchi ziingie kila dawati. Kwa mtu wa Kigoma ambaye hajawahi kutoka, mimi namwambia aanzie hapo.

Sasa hilo swali. Watu wananiambia dada, mimi nimtajie profesa wa MIT swali gani? Ndugu zangu, tumekaa juu ya swali. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Maji ya juu yana joto, yanaelea juu ya maji baridi ya chini. Ukishuka mita mia moja na kitu hadi mia mbili hivi, oksijeni inakwisha, lakini huko chini ndiko virutubisho vilikolala. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusi unayasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, upande wa kusini maji ya chini yanapanda na chakula chake, vijimea vinaota, vidudu vinakula vijimea, dagaa wanakula vidudu, mgebuka wanakula dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi zaidi, na upepo uleule unashindwa kuyachanganya na ya chini.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba uzalishaji wa vijimea ziwani umeshuka kwa takriban asilimia 20, na wakakadiria kwamba hiyo inaweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 timu ya Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona ilitoa matope ya sakafu ya ziwa, ikasoma mabaki ya samaki yaliyomo, ikaona kwamba samaki walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza.

Halafu Mei 15, 2024 serikali yetu ikalifunga ziwa kwa miezi 3, mpaka Agosti 15, lipumzike. Kwa mara ya kwanza. Redio zote zikatangaza tarehe, zikamhoji ofisa, zikamhoji mvuvi mwenye huzuni. Ni nani kati yetu aliyeuliza: kama sehemu ya tatizo ni joto la maji, kupumzisha nyavu kunarudisha kiasi gani, na kiasi gani hakirudi? Sisemi kufunga ni vibaya. Nasema swali hilo linamtosha mtu mwaka mzima chuoni, na hakuna mwandishi wa Boston wala Dar anayeweza kuliuliza kama wewe uliyelala Kibirizi, mwaloni pale mitumbwi ya wavuvi inapoingia.

Karibuni tujadili.

Mpanda_Reli

Dada Kusi nakuheshimu sana na umefafanua vizuri, lakini niseme la upande wetu. Mimi ni korespondenti Tabora. Nalipwa kwa habari iliyotoka, na habari ikikatwa kule makao makuu nimefanya kazi ya bure. Mkataba sina. Hiyo miaka 5 ya uzoefu nitaithibitisha kwa karatasi gani? Nilishamwomba mhariri wangu barua, akaniambia mtu ambaye si mwajiriwa haandikiwi barua. Na mambo haya kwa kweli yanazunguka Dar. Semina ikitangazwa, sisi tunaipata siku ilipoisha.

Mzee wa Mwalo

Mimi si mwandishi, ni mzee wa mwaloni, nimepita tu kusoma. Huyu binti kasema kweli kuhusu kusi. Sisi hatukusoma, lakini zamani kusi likivuma mwezi wa sita unajua likitulia tu utapakia. Siku hizi linavuma, linatulia, unatandika karabai usiku kucha na hizi taa za sola, unarudi na ndoo moja. Watoto wanasema ni nyavu haramu. Nyavu haramu zipo, sitetei. Ila hata miaka ile kabla hazijajaa tulishaanza kuona.

Kinachoniuma ni hiki. Waandishi wanakuja mwaloni pamoja na ofisa, kwenye gari la ofisa. Wanapiga picha nyavu zinachomwa moto, wanaondoka na gari lilelile. Hakuna anayekaa mpaka asubuhi mtumbwi urudi. Hakuna anayewauliza akina mama wanaoanika. Ziwa lilipofungwa, mwanamume aliingia shamba, akaenda kufyatua tofali. Yule mama anayenunua dagaa mbichi kwa beseni, anaanika mchangani, anageuza kwa ufagio, anauza kwa watu wa treni, yeye hata kwenye orodha ya wavuvi hayupo. Alikula nini miezi mitatu?

Kusi_Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Hilo la akina mama wanaoanika naomba vijana wote walionakili swali langu la joto waliache walichukue hili. Ni bora kuliko langu. Mtu aliyeko kwenye mnyororo wa samaki lakini hayupo kwenye daftari lolote, sera inapopitishwa anahesabiwa wapi? Hilo ni la uchumi, la sheria na la mazingira kwa pamoja, na Harvard wana madarasa ya yote matatu.

Kaka Mpanda_Reli, suala lako ni kubwa, nalijibu polepole.

Barua ya mwajiri si kitu pekee kinachothibitisha kazi. Kazi yenyewe ndiyo ushahidi. Shida yetu watu wa redio na makorespondenti ni kwamba kazi inapotea hewani. Umefanya kipindi kizuri cha dakika 20 kuhusu moto wa msituni, kimerushwa saa 1 usiku, kesho yake fundi mitambo kafuta faili kupata nafasi. Miaka 5 ya kazi, huna hata sauti moja. Kuanzia leo, kila kazi yako inayorushwa weka nakala kwenye flashi na nyingine kwenye barua pepe yako mwenyewe. Jina la faili liwe na tarehe iliyorushwa, mada, na kijiji. Andika chini yake kwa mistari michache nani alizungumza na nini kilifuata baada ya kurushwa, kama kuna kilichofuata: mkuu wa wilaya alikwenda, kisima kilitengenezwa, kesi ilifunguliwa. Kwa gazeti, kata na piga picha ukurasa mzima ili jina la gazeti na tarehe vionekane.

Wanaokusomea hawajui redio yako, wala hawajali kama ni kubwa. Wanasikiliza kama ulikwenda mahali, ukauliza watu zaidi ya wawili, ukamtafuta na yule anayelaumiwa. Wadhamini wa barua nao si lazima wote wawe mabosi. Mhariri aliyewahi kuzipokea kazi zako, mhadhiri aliyekufundisha, hata mtafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Kigoma uliyemsumbua kwa maswali ya samaki mpaka akakuzoea. Huyo wa mwisho mara nyingi anaandika barua nzuri kuliko bosi, kwa sababu anakujua unavyouliza.

La Dar, ni kweli, sina la kupinga. Na hali imekuwa ngumu zaidi, kwa kuwa baadhi ya miradi iliyokuwa ikilipia mafunzo ya waandishi wa mazingira nchini ilikuwa ya USAID, shirika la misaada la Marekani, nalo shughuli zake zilikoma Julai 2025. JET, chama chetu cha waandishi wa mazingira kilichoanza 1991, bado kipo na mtu wa mkoani anaweza kuwa mwanachama. Jiunge. Usingoje semina ije stesheni ya Tabora.

BintiManyovu

Dada Kusi asante kwa uzi. Naomba kuuliza mambo mawili, msinicheke. Kwanza kazi zangu zote ni za Kiswahili, na nyingine nimehoji watu kwa Kiha. Hao watazisikilizaje? Pili nina mtoto mdogo. Nimeambiwa na wakubwa zangu kazini hayo mambo ni ya wasio na familia.

Kusi_Ujiji

Hakuna wa kukucheka mdogo wangu.

Kiswahili hakikuzuii. Unaambatisha kazi yenyewe pamoja na tafsiri ya Kiingereza uliyoifanya kwa uangalifu. Na hapo mahojiano ya Kiha ni mali, usiyafiche. Kutafsiri sentensi ya bibi wa Manyovu toka Kiha mpaka Kiingereza bila kuipunguza uzito, hiyo nayo ni kazi ya uandishi na wanaiona. Kiingereza chako wewe kinahitajika, nisikudanganye, kwa sababu utakaa darasani na watu wanabishana. Mtu anayesikiliza vizuri na kuuliza kwa sentensi fupi anatosha kuanza. Kifanyie mazoezi kwa kusoma hizo tafiti za ziwa. Utajifunza lugha na mada kwa mpigo mmoja.

Kuna na Earth Journalism Network, mradi wa Internews ulioanza 2004. Hao hawakupeleki chuo. Wanatoa fedha za kufanya habari moja: nauli, mafuta ya boti, siku za kukaa kijijini. Wameshazoea kupokea habari za lugha za wenyeji zikiwa na tafsiri. Habari moja iliyofanywa hivyo, yenye nafasi ya kurudi kwa chanzo mara ya pili, inabeba maombi yako ya chuo kuliko vyeti vya semina.

Mtoto: Nieman wanapokea felo na mwenzi wake na watoto, tena mwenzi anaruhusiwa kuingia madarasani. Hao wakubwa zako hawakusoma masharti. Yasome mwenyewe, kila chuo na ya mwaka husika, na angalia tarehe kwa makini. Nieman kwa miaka mingi wamekuwa wakifunga mapema maombi ya wasio Wamarekani kabla ya yale ya Wamarekani. Wengi wetu tunaangalia tarehe ya Wamarekani, tunatuma dirisha letu likiwa limeshafungwa.

Ng'wana_Igombe

Wakuu, nami nitie neno kutoka Tabora, maana uzi unaelekea kuwa wa dagaa mtupu.

Huku kwetu mti ndio habari. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge anahitaji kuni za bani, banda la kukaushia tumbaku, kila msimu, na kuni zinatoka kwenye misitu ya asili ya miombo. Mikataba inamtaka apande miti. Anapanda mikaratusi kweli, nimeiona. Swali ambalo sijaona mtu akilifuatilia: ile miti iliyopandwa miaka kadhaa iliyopita, je, ndiyo inayoingia kwenye mabani leo, au inauzwa nguzo na mbao mjini huku bani likiendelea kula mtundu na mninga wa asili? Unaweza kulijibu kwa macho. Simama mlangoni pa bani wakati wa kukausha, angalia gogo kabla halijaingia motoni. Gome la mkaratusi na gome la mtundu hata mtoto wa huku anazitofautisha. Fanya hivyo bani kwa bani, kijiji kwa kijiji, chama cha ushirika (AMCOS) kwa chama cha ushirika, andika.

Na nyuki. Asali ya Tabora inasifiwa kuwa rafiki wa msitu, sawa, lakini mzinga wa gome unauchuna mti mzima na mti unakufa. Mzinga wa kisasa unagharimu. Mwandishi anayejua yote mawili ataandika kitu tofauti na kile cha "asali ni dhahabu ya Tabora".

Kinachonikwaza ni kwamba vijana wetu wengi hawana hata diploma, na sheria ya huduma za habari ya 2016 na kanuni zake zinataka elimu hiyo ili mtu apate ithibati. Sasa unamzungumzia Harvard mtu ambaye hapa nyumbani kitambulisho tu hana?

Kusi_Ujiji

Kaka, swali la gogo mlangoni pa bani ni la kiwango cha juu kabisa, nalisema bila kukupamba. Lina njia ya kulijibu. Maombi mengi yana mada, hayana njia.

Kwa diploma: asome. Mwanza kuna chuo kikuu cha SAUT, Dar kuna shule kuu ya uandishi ya Chuo Kikuu. Sitamshauri mtu aruke sheria ya nchi. Ila asingoje amalize ndipo aanze kuuliza. Tunaye mfano hapahapa Kigoma. Jane Goodall alishuka Gombe Julai 1960 hana shahada yoyote. Akakaa porini, akawaona sokwe wakitengeneza vijiti vya kuvulia mchwa, akaenda Cambridge na jambo ambalo maprofesa walikuwa hawajaliona. Wakampokea moja kwa moja kwenye shahada ya uzamivu, akaimaliza miaka ya sitini ileile. Amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na dunia nzima ilitaja jina la Gombe. Mimi niliposikiliza matangazo ya siku zile nilijiuliza ni redio ngapi za Kigoma zina mwandishi anayeweza kueleza kinachofanyika Gombe leo, vijiji vinavyoizunguka, misitu ya Masito, mpango wa TACARE wa kutunza misitu pamoja na wanavijiji ulioanza 1994, bila kungoja taarifa kwa vyombo vya habari.

Mpanda_Reli

Nimekuelewa dada. Ila nibaki na langu moja: watu wetu wakienda hawarudi. Na akirudi, anaishia ofisi ya mawasiliano ya shirika fulani Dar au Arusha. Mkoa unabaki vilevile.

Kusi_Ujiji

Ni kweli inatokea, na inaniuma. Simlaumu anayekwenda penye mshahara, ana watoto. Lakini angalia nani anayebaki na mada yake hata akihama. Ni yule aliyeondoka na swali la nyumbani. Aliyekwenda na "kuelimisha jamii" anaweza kuelimisha jamii yoyote mahali popote. Aliyekwenda na swali la ardhioevu ya Malagarasi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2000, lililo nusu kwenu na nusu kwetu, itabidi arudi Malagarasi kulijibu.

BintiManyovu

Wakuu nimekaa na huu uzi tangu jana. Nimejaribu kuandika aya ya kwanza, naomba mnisahihishe:

"Mimi ni mwandishi wa redio mkoani Kigoma. Ziwa Tanganyika linategemewa na nchi nne na linakabiliwa na changamoto nyingi ikiwemo mabadiliko ya tabianchi. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu. Wanawake wanaoanika dagaa waliathirika. Ningependa kujifunza namna ya kuripoti suala hili."

Kusi_Ujiji

Umeanza vizuri, sasa tuikaze. Sentensi ya pili ifute yote, kila mtu ataiandika. "Waliathirika" inaficha habari. Nenda Kibirizi au Katonga, kaa na akina mama wawili watatu, waulize walivyoishi msimu wa kufungwa: walikopa wapi, walihamia biashara gani, nani alirudi kwenye dagaa na nani hakurudi. Mwombe Mzee wa Mwalo akupeleke, usiende na gari la ofisa. Kisha "namna ya kuripoti" ibadilishe. Jaribu hivi:

"Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi mitatu mwaka 2024, leseni na daftari za mwalo zilimtambua mvuvi. Mwanamke anayenunua, kuanika na kuuza dagaa haonekani humo. Nataka kujua nchi nyingine zinazofunga maji yao zinamhesabu vipi mtu wa nchi kavu, na nirudi na kipimo ninachoweza kukitumia kwenye mialo ya Kigoma, na ng'ambo kwa wenzetu wa Burundi na Kongo."

Nchi nne zina mkataba wa pamoja wa ziwa tangu 2003 na mamlaka yake iko Bujumbura. Taja, kwa sababu inaonyesha habari yako haiishii mpakani.

Mzee wa Mwalo

Binti aje Alhamisi kabla hakujapambazuka, mitumbwi ndiyo inaingia saa hizo. Aulize mwaloni pale wanapouza mawese, watamwonyesha nilipo. Aje na viatu vya kulowa.

BintiManyovu

Nitafika mzee wangu, shikamoo. Dada Kusi, nikitoka huko naandika upya aya na kukutumia kwenye ujumbe wa faragha pamoja na sauti tatu za kwanza.

Kusi_Ujiji

Tuma. Sauti ziwe na tarehe kwenye jina la faili. Na wewe Ng'wana_Igombe, msimu wa kukausha ukianza nitafutie mwenyeji Kaliua, nataka kuja kusimama mlangoni pa hilo bani na Mpanda_Reli.